Simba anamtii mwalimu wake, nyumbani anamngurumia mlinzi: fimbo au chakula?

SWALI: Nina mbwa dume, mchanganyiko wa German Shepherd, ana miezi kumi na moja, tunamwita Simba. Tunaishi nje kidogo ya Arusha, nyumba ina geti na mlinzi wa usiku. Nilimlipa mwalimu wa mbwa anayetumia mnyororo wa kujikaza shingoni na fimbo. Baada ya miezi miwili Simba anamtii yeye vizuri sana: anakaa, analala, anatembea sambamba. Lakini mimi na watoto anatuvuta barabarani, na nikimwita kwa sauti ya juu anajikojolea palepale badala ya kuja. Wiki mbili zilizopita alimngurumia mlinzi na kumwonyesha meno alipokuja kufungua geti, rungu mkononi. Mwalimu anasema nilipe mwezi wa tatu amkazie zaidi. Rafiki yangu anasema nitumie chakula. Mwalimu anajibu kwamba hiyo ni rushwa, na mbwa aliyefundishwa kwa nyama atalishwa sumu na wezi. Isitoshe, mlinzi wetu ni Mwislamu, hataki mate ya mbwa. Nani ana haki, na nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako ana haki. Ila hoja ya mwalimu kuhusu sumu si ya kupuuzwa, nitairudia. Kwanza tulitazame lile rungu, maana ndani yake mna jibu la nusu ya swali lako.

Kwa miezi miwili Simba amekuwa akiona mti mrefu mkononi mwa mwanamume, kisha anaumia. Wewe na mwalimu mnadhani alijifunza "usivute" na "kaa". Huenda alijifunza. Lakini mbwa hachagui somo moja tu. Hukusanya kila kilichokuwapo wakati maumivu yanamfika. Mwanamume. Mkono ulioinuka. Mti. Sauti ya juu. Mlinzi alipokuja getini gizani akiwa na rungu, Simba aliona angalau vitu viwili kati ya hivyo vikimkaribia kwa pamoja. Hakuwa anamdharau mlinzi wala kutafuta ukubwa. Alikuwa anamwambia kwa lugha pekee aliyonayo: usinisogelee na hicho kitu.

Kujikojolea nako ni hukohuko. Mbwa anayemwogopa anayemwita hujishusha, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu, na mkojo humtoka. Hiyo ni ishara ya kuomba amani. Ukimkaripia kwa mkojo huo umemthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa, na kesho atakojoa zaidi.

Sasa, kwa nini anamtii mwalimu? Kwa sababu adhabu hufanya kazi, tena haraka, mradi masharti yake matatu yatimie: ifike ndani ya sekunde moja tangu kosa, iwe kali kiasi cha kutosha tangu mara ya kwanza, na isikosekane hata mara moja kosa linaporudiwa. Mwalimu mzoefu anaweza kuyakaribia masharti hayo akiwa na mbwa saa moja kwa siku. Wewe, mkeo na watoto hamwezi, na mlinzi hawezi. Simba amelijua hilo: kanuni zipo akiwapo mwenye mnyororo, hazipo asipokuwapo. Sharti la pili nalo ni mtego. Ukianza kwa upole, mbwa huzoea, nawe unalazimika kuongeza. "Amkazie zaidi" maana yake ndiyo hiyo, na kwa mbwa wa kilo thelathini ngazi hiyo ya kupanda haina mwisho mzuri.

Njia ya kulazimisha ina historia yake. Konrad Most, aliyefundisha mbwa wa polisi Ujerumani, alichapisha mwongozo wake mwaka 1910, na kutoka huko mikononi mwa polisi na wanajeshi mbinu za kuvuta kwa nguvu na kuadhibu zilienea duniani. Baadaye ikaongezwa hoja ya "bwana wa kundi", kwamba mbwa hupigania ukubwa na mwenye mbwa lazima amshinde. Ilitokana na kutazama mbwa mwitu (wolf wa nchi za baridi, si mbwa mwitu wa mbuga zetu) waliofungiwa pamoja bila kuwa jamaa. Mtafiti wa Marekani David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kuieneza hoja hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna anayepigania kiti. Kwa hiyo mwalimu akikuambia umlaze Simba chali ili ajue nani mkubwa, mkatalie.

Na usimkatalie kwa huruma tu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wamiliki 140, waliopeleka mbwa wao kliniki ya tabia, walikuwa wamewafanyia nini kabla ya kufika hapo na mbwa waliitikiaje. Kati ya waliowahi kumpiga au kumpiga teke mbwa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliomlaza chali kwa nguvu, asilimia 31. Hata kumkodolea macho tu, asilimia 30. Kweli, hao walikuwa mbwa wenye matatizo tayari. Lakini Simba naye sasa ni mbwa mwenye tatizo, na nyumbani kwenu kuna watoto.

Kuna utafiti mwingine wa Ureno, wa mwaka 2020, uliochunguza mbwa 92 kutoka shule saba za mafunzo. Mbwa wa shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za hofu darasani, na mate yao yalikuwa na homoni ya msongo nyingi zaidi baada ya somo. Jaribio lao la pili linaeleza mengi. Mbwa alifundishwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja wa chumba lina chakula, likiwekwa upande mwingine ni tupu. Kisha bakuli likawekwa katikati. Mbwa waliofundishwa kwa malipo walilikimbilia. Wale wa adhabu nyingi walijivuta, kama mtu asiyetarajia kitu kizuri. Hali hiyo wameibeba nje ya darasa, mahali ambapo hakuna aliyewagusa.

Huenda utaambiwa basi tutumie kola ya umeme, ukanda wa shingoni unaomshtua mbwa kwa umeme, ni ya kisasa. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kililinganisha mbwa 63 katika makundi matatu, jambo la kufundishwa likiwa kuja unapoitwa. Kola ya umeme, hata mikononi mwa walimu walioizoea, haikuleta matokeo bora kuliko malipo. Wales iliipiga marufuku mwaka 2010.

Kuhusu rushwa. Rushwa huonyeshwa kabla ya kazi ili kazi ifanyike. Mshahara hulipwa baada ya kazi kufanyika. Ukimwonyesha Simba nyama ndipo ukamwambia akae, umemhonga, na siku mfuko ukiwa mtupu hatakaa. Ukisema "kaa", akakaa, ndipo mkono ukaingia mfukoni, umemlipa. Mpangilio wa mikono yako ndio unaoamua, na walimu wengi wanaosema chakula hakifanyi kazi wameonja rushwa wakadhani wameonja mshahara.

Ushahidi wa mshahara tunao hapahapa nchini. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wanatumia klika, kidude kidogo kinacholia "tiki", na chakula kama ndizi. Panya akinusa sahihi husikia tiki, kisha hupata kipande. Panya mmoja kati yao, Magawa, alipelekwa Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Mnyama huyo humpigi fimbo akakunusia bomu. Na hapo Usa River, si mbali nawe, mbwa wa kunusa pembe za ndovu hufundishwa kwa kulipwa mpira wa kuchezea. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kulinda geti.

Sasa kazi yenyewe. Leo vua mnyororo wa kujikaza. Mvishe mkanda wa kifua, ule wenye pete mbele ya kifua, usibane makwapani: vidole viwili vipite chini yake. Kola ya kawaida ibaki kwa ajili ya kitambulisho tu. Mbwa anayevuta kwa shingo hubanwa koo, na shinikizo la ndani ya macho hupanda pia. Kwa mkanda wa kifua halipandi. Kabla ya lolote mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe nyonga na shingo. Jamii ya German Shepherd ina ugonjwa wa nyonga, na mbwa anayesukumwa makalio chini ili akae anaweza kuwa ananguruma kwa maumivu.

Malipo: nunua nusu kilo ya mapafu ya ng'ombe, yachemshe dakika thelathini bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), yapoe, kisha kata vipande vidogo kama punje ya harage. Gawanya kwenye mifuko midogo, gandisha. Dagaa wakavu pia ni wazuri, ila waloweke kwanza kutoa chumvi, kisha wakaushe. Maini yawe ya nadra, mara moja au mbili kwa wiki, maana yakizidi yana vitamini A nyingi mno. Ugali wa jana hautoshi kwa kazi ngumu. Nani angefanya kazi ya jua kali kwa ujira huo? Somo la dakika tano mwanzoni hutumia vipande arobaini hadi hamsini. Punguza kiasi hicho kwenye chakula chake cha siku, na malipo yote ya siku yasipite sehemu moja ya kumi ya mlo wake.

Alama ya kulipa: klika ni nzuri, neno pia linatosha. Chagua neno fupi lisilotumika nyumbani kwa mambo mengine. "Ndiyo" halifai, linasemwa mara mia kwa siku. "Tak!" linafaa. Siku mbili za kwanza usimwombe kitu: sema "tak", subiri nusu sekunde, ndipo mkono utoe kipande. Mara kumi na tano, pumzika, rudia jioni. Utajua ameelewa atakapogeuza kichwa kwa kasi akisikia neno hata akiwa anatazama kuku. Kuanzia hapo "tak" ni ahadi. Ukilisema umekosea, bado unalipa.

Kisha "kaa". Usimguse. Kaa naye sehemu tulivu ya ua, vipande vikiwa kwenye mfuko kiunoni, mikono mitupu. Mbwa anayesimama mbele ya mtu asiyefanya chochote hatimaye hukaa, huenda baada ya dakika moja. Makalio yanapogusa ardhi, "tak". Ukichelewa akawa ameinuka, umelipa kuinuka. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasifu kwanza, "mbwa mzuri, mbwa mzuri", wanapapasa mfukoni, na chakula kinafika wakati mbwa yuko kwenye jambo la tatu. Alama ndani ya sekunde moja, chakula ndani ya tatu. Rusha kipande pembeni ili ainuke kukifuata, akirudi atakaa tena. Akifanikiwa mara nane kati ya kumi, ndipo ongeza neno "kaa" kabla hajakaa. Akifanikiwa chini ya mara tano, umemrukisha darasa; rudi nyuma, kelele zipungue, dakika zipungue. Masomo mafupi matatu kwa siku yanashinda moja la nusu saa, na watoto wanaweza kufundisha hili wewe ukiwapo.

Kutembea bila kuvuta kuanzie ndani ya ua, bila kamba. Tembea hatua moja. Akiwa ubavuni pako, "tak", kipande kiwe kando ya mshono wa suruali yako, hapohapo unapotaka kichwa chake kiwe. Hatua mbili. Tatu. Tano. Siku ya nne weka kamba ya mita mbili. Kamba ikikaza, simama kama nguzo, usimvute nyuma. Subiri. Atageuka kuangalia kwa nini dunia imesimama, kamba italegea: "tak", alipwe miguuni pako. Siku ya kwanza nje ya geti tegemea kwenda mita hamsini kwa dakika kumi, na hayo ni mafanikio. Kosa kubwa ni kumruhusu avute Jumamosi kwa sababu una haraka. Kuvuta kukimfikisha kwenye mti anaotaka kunusa, mti ndio mshahara, na umelipa kuvuta.

Kumwita kunahitaji neno jipya. "Simba, njoo" limeharibika, limebeba miezi miwili ya hofu. Nunua filimbi, au tumia "hapa!" kwa sauti nyepesi. Mkiwa mita mbili tu ndani ya nyumba: filimbi, kisha vipande vitano, kimoja baada ya kingine. Mara kumi kwa siku, wiki nzima. Baadaye mfunge kamba ya manila ya mita kumi kwenye pete ya mgongoni, si ile ya mbele, iburute ua mzima, umwite kutoka mbali kidogo. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, usiiname juu yake. Akikojoa, usiseme kitu, geuka pembeni, sogea mbali, mwite kwa upole zaidi. Na filimbi isitumike kamwe kwa jambo asilolipenda: kuogeshwa, kufungiwa, dawa. Kwa hayo mfuate mwenyewe. Masomo mengine utapunguza malipo polepole, mara mbili kati ya tatu, kisha bila mpangilio. Kuja anapoitwa ulipie maisha yake yote, maana siku moja kutamwokoa na bodaboda.

Tufike kwa mlinzi, na hapa usiharakishe. Kuanzia usiku wa leo Simba awe bandani na mlango umefungwa kabla mlinzi hajafungua geti. Hilo halimfundishi kitu, linazuia ajali tu. Mlinzi asimpite bandani akiwa na rungu mkononi. Liwekwe mahali mbwa halioni, atumie tochi.

Somo la kwanza ni la rungu peke yake. Liegemeze ukutani. Shika Simba kwa kamba umbali wa mita nane au kumi, mahali anapoliona lakini bado anakula bila wasiwasi. Hapa humwombi afanye chochote. Analitazama rungu, sekunde moja, kipande. Analitazama tena, kipande. Mtoto mkubwa alifunike kwa gunia, chakula kinakoma. Lifunuliwe, chakula kinarudi. Mpangilio huo haubadiliki: rungu kwanza, chakula baadaye. Ukitoa chakula kwanza halafu rungu likatokea, utamfundisha kuogopa mfuko wako. Dakika tatu zinatosha. Akimaliza masomo mawili akiwa mtulivu, sogea mita moja.

Utaujuaje utulivu? Mtazame mdomo na macho. Akijilamba pua bila chakula, akipiga miayo asiyechoka, akigeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, akikataa kipande alichokipenda jana, au mwili ukikakamaa ghafla na mdomo kufungwa, umesogea mno. Rudi nyuma mita tatu papo hapo. Kukakamaa ndiyo dalili ya mwisho kabla ya meno, na huchukua sekunde moja au mbili tu.

Rungu likimpendeza likiwa chini, lishike wewe, likielekea ardhini, ukianza tena kwenye mita nane. Kisha ulitikise kidogo. Kisha uliinue hadi kiunoni. Kila badiliko moja ni somo jipya lenye umbali wake. Mlinzi naye ana masomo yake tofauti, bila rungu: asimame ubavu, asimkodolee macho, asinyooshe mkono, arushe kipande nyuma ya Simba. Nyuma, ili mbwa ale kisha aamue mwenyewe kurudi. Mbwa anayevutwa na chakula hadi miguuni mwa mtu anayemwogopa huweza kumaliza kula, akashtuka yuko wapi, akang'ata. Kwa habari ya mate, mlinzi hana haja ya kuguswa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mtu ana haki ya kuepushwa na usumbufu huo. Mpe kopo la plastiki lenye mpini, lake mwenyewe, lijazwe na wewe. Atamwaga kipande kimoja kimoja kwa mbali, na kopo halitafika mdomoni mwa mbwa. Mtu na rungu waunganishwe mwisho kabisa, tena kuanzia mita nane. Wiki sita ni makadirio ya haki kwa mbwa wa hali hii, na siku mbaya zitakuwapo.

Katika muda huo wote asikaripiwe kwa kunguruma. Kunguruma ni kengele ya moto. Mbwa aliyepigwa hadi akaacha kunguruma bado anaogopa vilevile. Mara nyingine atang'ata bila kutoa sauti, nanyi mtasema amewageuka ghafla. Mbwa wa namna hiyo ni hatari kuliko wote.

Sumu sasa. Ni kweli wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Lakini mbwa wa fimbo huila pia, kwa sababu saa nane usiku mwenye fimbo amelala. Kinachosaidia ni kumfundisha kwamba chakula cha ardhini si chake, na kwamba kukiacha kuna faida. Funga kipande mkononi, ngumi ielekee pua yake. Atalamba, atakwaruza. Vumilia. Pua ikirudi nyuma hata sentimita mbili, "tak", na malipo yatoke mkono wa pili, kitu kitamu zaidi ya kile cha ngumini. Baada ya siku kadhaa ongeza neno "acha", kisha kipande kiwe ardhini chini ya kiatu chako, kisha wazi huku akiwa kwenye kamba, na mwisho mtu asiyemjua arushe nyama safi kutoka nje ya ukuta wewe ukiwa umeshika kamba. Kile cha ardhini asikile hata mara moja, akikipata mara moja umerudi mwanzo. Hata hivyo usilale usingizi kwa kutegemea somo hilo peke yake. Mlo mkubwa wa siku aupate magharibi ili usiku asiwe na njaa, banda liwe mbali na ukuta wa barabara, na mlinzi azunguke na tochi kando ya ukuta kabla Simba hajafunguliwa.

Ulinzi wenyewe hautapungua. Mbwa wa umri na jamii hiyo hubweka kwa mgeni bila kufundishwa. Kinachohitaji kufundishwa ni kunyamaza. Akibweka mara tatu au nne, nenda uone, sema "inatosha" kwa sauti ya kawaida, mwite kwa filimbi, mlipe kwa kuja kimya. Mbwa anayejiamini hubweka akiwa amesimama wima na huacha akiambiwa. Mwenye hofu hubwekea kila kitu, kisha hujificha au hung'ata asiyestahili.

Jambo moja la lazima: hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa iko ndani ya muda. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Na akiwa amemng'ata mtoto au mlinzi tayari, au akinguruma watoto wanapokaribia bakuli lake, masomo ya nyumbani yasimame hadi daktari wa mifugo amwone. Kwa sasa mzoeshe kikapu cha mdomo, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa, kwa kuweka chakula ndani yake siku kumi kabla ya kukifunga.

Kuhusu mwezi wa tatu: mwite mwalimu aje nyumbani, aache fimbo na mnyororo nje ya geti. Mwambie akuonyeshe namna mwanao anavyoweza kumfanya Simba akae mara kumi bila mtu kumgusa, mkia ukiwa umelegea. Akiweza kukufundisha hilo, mlipe yeye kwa kazi hiyo. Asipoweza, fedha hiyo itanunua mapafu ya miezi kadhaa, mkanda wa kifua, filimbi na kamba ya manila.